Muti wa Noeli ao muti wa sikukuu?

Kila mwaka, Desemba ikiingia, kwenye mlango wa mine moja ya karibu na hapa wanatundika kalikoti. Ya mwaka huu imeandikwa Joyeuses fêtes, maana yake sikukuu njema. Pembeni yake wamesimamisha mti wa plastiki, taa zake zinawaka na kuzima. Miaka ya nyuma kalikoti ilikuwa inasema Joyeux Noël. Hakuna mkubwa aliyekuja kueleza juu ya nini neno limebadilishwa. Basi watu wa ekipi ya usiku, wakitoka kazini asubuhi na macho mekundu, walisimama palepale na mabishano yakaanza.

Mmoja akasema: "Banatuondolea Noeli pole pole. Leo ni jina, kesho ni siku yenyewe."

Mwingine, muislamu, akamjibu bila hasira: "Miye sina Noeli, lakini na miye niko natumika hapa. Sikukuu ni ya shiye bote."

Kapita mzee aliyekuwa nyuma yao akakata maneno: "Muti iko muti. Mutuachie njia tupite, tuko na usingizi."

Watu walicheka, wakaenda kulala. Siye tulibaki na swali, juu ya ugomvi huu si mdogo kama unavyoonekana, wala si wetu peke yetu. Umekwisha kuwasha moto katika miji mikubwa ya watu. Mahali ulipowaka vikali ni Boston, kule Marekani, mwaka 2005. Na mti wa Boston una historia ambayo mtu wa mine ataishika upesi kuliko mtu mwingine yeyote, juu ya ni historia ya baruti.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, katikati ya vita kuu ya kwanza, meli mbili ziligongana ndani ya bandari ya Halifax, jimbo la Nova Scotia, nchi ya Kanada. Ziligongana pale njia ya maji ilipo nyembamba. Moja ilikuwa meli ya Wafaransa, jina lake Mont-Blanc. Ilikuwa imepakia New York zaidi ya tani 2,500 za vitu vya vita: asidi ya pikriki, TNT, pamba ya baruti, na juu kabisa mapipa ya benzoli, ile inayoshika moto kwa cheche moja tu. Mtu anayepiga dinamiti chini ya ardhi anajua kwamba vitu hivi haviwekwi pamoja. Pale viliwekwa pamoja, juu ya vita ilikuwa na haraka.

Meli ya pili, Imo, ilikuwa ya Norwe. Yenyewe ilikuwa tupu, inakwenda kuchukua chakula cha watu wa Ubelgiji, ambao nchi yao ilikuwa imekamatwa na Wajerumani. Ubavuni mwake waliandika kwa herufi kubwa, kwa kiingereza, kwamba ni meli ya msaada wa Ubelgiji. Ni miaka ileile ambapo wazee wetu walikuwa wanachimba na kuyeyusha shaba ya Katanga kwa ajili ya vita hiyohiyo. Njo vile dunia ilikuwa imefungwa kwa kamba moja, hata kama mwenye kuvuta upande huu hakumuona wa upande ule.

Meli zilipogongana, mapipa ya benzoli yalianguka na kupasuka, cheche ikaruka, moto ukashika. Mabaharia wa Mont-Blanc walijua wamebeba nini. Waliingia katika mitumbwi wakakimbilia ng'ambo. Wanasema walipiga kelele kuonya watu, lakini kwa kifaransa, na watu wa pale walisikia kiingereza tu. (Ni nani kati yetu hajaona kazini alama ya hatari iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma?) Meli ikasogea pole pole, inawaka, mpaka ikafika kwenye gati. Watoto waliokuwa wanakwenda shule wakasimama kutazama. Akina mama wakaja madirishani.

Saa tatu na dakika nne za asubuhi, Mont-Blanc ililipuka. Mtaa mzima wa kaskazini wa mji ulilala chini. Karibu watu 2,000 walikufa, na karibu 9,000 waliumia. Wengi walipoteza macho, juu ya walikuwa wamesimama nyuma ya vioo. Kipande cha nanga ya meli kiliruka zaidi ya kilometa 3. Kuna karani wa telegrafu wa njia ya reli, Vincent Coleman, ambaye alikwisha kuanza kuondoka, kisha akarudi kwenye mashine yake kuonya kwamba treni ya abiria iliyokuwa njiani isimamishwe. Alifia palepale kazini. Kesho yake theluji kubwa ilianguka juu ya watu wasiokuwa tena na nyumba.

Mji wa Boston ulipopata habari, haukungoja barua. Usiku uleule treni iliondoka na madaktari, wauguzi na dawa. Theluji ikaizuia njiani, watu wakafukua reli, ikafika Halifax tarehe 8 Desemba. Msaada haukuishia kwa treni ya kwanza. Waliendelea kusaidia kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, 1918, watu wa Halifax walituma mti wa Noeli Boston, kama kusema asante. Desturi hiyo ililala miaka mingi. Mwaka 1971 wakulima wa miti ya Noeli wa wilaya ya Lunenburg waliiamsha, kisha serikali ya jimbo ikaichukua mikononi mwake. Tangu pale, kila mwaka mti mrefu unakatwa Nova Scotia, watoto wa shule wanakuja kuuaga, unapakiwa kwenye lori na kupelekwa mpaka katika bustani ya watu wote ya Boston, wanayoiita Boston Common. Mwenye shamba anayeutoa hataki franka. Kwao ni heshima. Wako wanaotazama mti wao ukikua miaka na miaka wakitumaini kwamba siku moja utachaguliwa.

Sasa fika mwaka 2005. Mti umetoka Nova Scotia kama kawaida, karibu mita 15. Lakini katika matangazo yake, mji wa Boston unauita mti wa sikukuu. Neno Noeli halimo. Habari ikavuka mpaka. Mkulima aliyeutoa akasema waziwazi kwamba kama angalijua utaitwa vile, afadhali angeutia katika mashine ya kusagia mbao. Usishangae. Mtu amekata mti wake mzuri kuliko yote, ameutoa bure, juu ya deni la wafu 2,000, halafu anasoma kwamba waliopokea wamebadilisha jina la zawadi yake. Hata hapa kwetu, ukipeleka mbuzi kwenye kilio, na wenye kilio wakitangaza kwamba umeleta "kitu cha kula", utarudi nyumbani na moyo mzito.

Wahubiri wakubwa wa Marekani, kama Jerry Falwell, waliingia katika maneno hayo na vitisho vya kwenda mbele ya tribinali. Meya wa Boston, Thomas Menino, ikabidi aseme kwamba yeye mwenyewe anauita mti wa Noeli na ataendelea kuuita vile. Mwaka uleule, Washington, mkubwa wa bunge, Dennis Hastert, aliagiza kwamba mti wa mbele ya jengo la bunge, uliokuwa unaitwa mti wa sikukuu tangu miaka ya 1990, urudishiwe jina la Noeli. Na haikuishia pale. Mwaka 2011, liwali wa jimbo la Rhode Island, Lincoln Chafee, aliuita mti wa makao ya serikali mti wa sikukuu, watu wakaja kuimba nyimbo za Noeli kwa kumpinga. Mwaka 2013 akaacha, akasema basi uitwe mti wa Noeli.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba wale wa upande wa pili ni maadui wa Mungu. Wana neno lao. Katiba ya Marekani inakataza, tangu mwaka 1791, Leta isisimamishe dini moja juu ya nyingine. Muyahudi, muislamu na asiyekuwa na dini wanalipa kodi kama mkristo, na taa za mti zinanunuliwa kwa kodi hiyo. Akipita mbele ya ofisi ya mji wake akaona mapambo ya dini isiyo yake tu, anaweza kujiuliza kama yeye pale ni mwenyeji ao ni mgeni. Swali hilo ni la haki. Yule ndugu muislamu wa mlango wa mine hakusema lingine.

Kuna kesi moja tunayoipenda, juu ya ilitoka Pittsburgh, mji wa makaa ya mawe na chuma, mji wa watu wa kazi kama siye. Ndani ya nyumba ya tribinali ya kule, kwenye ngazi kubwa, waliweka sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, peke yake. Nje ya jengo lingine la Leta waliweka mti wa Noeli wa karibu mita 14, pembeni yake taa kubwa ya Wayahudi ya sikukuu yao ya Hanuka, na kibao kinachosema juu ya uhuru. Watu walishitaki. Mwaka 1989 tribinali kuu ya Marekani ikaamua: sanamu za peke yake kwenye ngazi za Leta, hapana, mti pamoja na taa ya Wayahudi na kibao, ndiyo. Waamuzi wenyewe hawakukubaliana. Waliandika maoni chungu nzima. Lakini tazama mchezo ulivyo. Mbele ya waamuzi, mti uliokoka juu ya walisema watu wengi hawauoni kama kitu cha dini. Mbele ya waumini, watu wako tayari kupigana juu ya mti huohuo, wakisema ni wa dini kabisa.

Na kama unataka kucheka zaidi: Boston ileile, karne tatu na nusu mbele ya ugomvi wa 2005, wakristo wenyewe ndio walikataza Noeli. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilitoa sheria kwamba mtu atakayeacha kazi ao kufanya karamu siku ya Noeli atalipa faini ya shilingi 5. Wale walikuwa wakristo wakali, walisema siku hiyo haimo katika Biblia. Sheria ilifutwa mwaka 1681. Hata kapita wetu mzee anao wajukuu katika kanisa moja la uamsho ambao hawataki mti nyumbani; wanafungua kitabu cha Yeremia sura ya 10 na kuonyesha maneno juu ya mti uliokatwa porini na kupambwa. Kwa hiyo anayesema "mti wa Noeli" hasemi kwa niaba ya wakristo wote. Na wandugu zetu wa kanisa la Kimbangu wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei. Hakuna aliyewafukuza katika nchi juu ya hiyo.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, juu ya hapa kwetu jambo hili halikuwa mabishano ya mlangoni tu. Tulikwisha kulionja.

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Mwaka 1972 Leta iliamuru kila mtu aache jina la ubatizo na kuchukua jina la mababu. Raisi mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa miaka 5 ya kifungo. Kardinali Malula, aliyesimama kupinga, alijikuta Roma. Halafu mwishoni mwa mwaka 1974 Noeli yenyewe iliondolewa katika siku za mapumziko za Leta, na masanduku ya chaki yakafunguliwa tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote. Misalaba na picha za Papa ziliondolewa kwenye kuta za nyumba za watu wote, na picha ya raisi ikatundikwa mahali pake.

Tuseme ukweli: kurudia majina ya mababu haikuwa wazo baya. Wengi wetu tunayabeba mpaka leo kwa furaha. Kilichouma ni namna yake. Hakuna aliyeulizwa. Mtu alilala Pierre akaamka na karatasi mpya. Basi watu walifanya nini? Walikuwa na jina la ofisi na jina la nyumbani. Kwenye orodha ya mishahara jina moja, na bibi yake akimwita chakulani, jina lingine. Na Noeli? Ililiwa usiku. Mama mmoja wa kambi, sasa ana wajukuu, alituambia: "Balitukataza Noeli ya mchana. Usiku ilikuwa ya shiye." Leo tarehe 25 Desemba ni siku ya mapumziko tena, misalaba imerudi, na picha iliyokuwa imetundikwa mahali pake haiko.

Kwa hiyo tukirudi kwenye kalikoti, siye hatuoni kwamba neno sikukuu ni tusi. Ni neno zuri, na kila mtu anaingia ndani yake. Wala hatuoni kwamba Yesu amepunguka kwa kukosa kuandikwa kwenye kitambaa cha mlangoni. Kinachotusumbua ni kwamba neno lilibadilishwa usiku, na asubuhi mfanyakazi akalikuta tayari. Boston ni hivyohivyo. Kama mji ule ungaliwauliza watu wa Nova Scotia, wenye zawadi, nani angalipiga kelele? Zawadi inaitwa kwa jina alilolitia mtoaji. Na kama muyahudi ao muislamu wa Boston anataka na yeye aonekane katika bustani ya wote, dawa yake si kukwangua jina la mwingine. Ni kumpa nafasi ya taa yake pembeni, kama walivyofanya Pittsburgh. Ongezeni, msipunguze. Najua, atakuja mtu aseme: mkiongeza kila dini, mlango wa mine utajaa taa mpaka lori halipiti. Ipite kwanza hiyo hatari, tutaona.

Tena watu wa mine tunayo mazoezi ya kazi hii. Tarehe 4 Desemba ni Sainte-Barbe. Ni mtakatifu wa wakatoliki, mlinzi wa wachimbaji na wa wote wanaoshika baruti. Mabaharia wa kifaransa wa zamani waliita hata chumba cha baruti cha meli kwa jina lake. Desturi hiyo ililetwa Katanga na wazungu wa Ubelgiji, ikabaki. Mwaka 1969 Roma yenyewe ilimtoa katika kalenda yake ya kawaida, juu ya historia yake haina ushahidi wa kutosha. Je, wachimbaji waliacha? Hapana. Mkatoliki anakwenda misa. Mprotestanti anakwenda kwa mpira na nyama ya kuchoma. Muislamu anakunywa sukari yake akikaa na wenzake. Mwenye kanisa la uamsho, akiwa pasta wake hatazami, anakuja na yeye. Hatujasikia hata siku moja mtu akidai iitwe sikukuu ya wafanyakazi wa chini ya ardhi. Siku hiyo watu wanakumbuka wale waliobaki chini, na jina linalotumika ni lile walilolijua wale waliobaki chini.

Na mtu asifikiri kwamba jina la dini na siku ya Leta haviwezi kukaa pamoja. Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi yetu, kwa kumkumbuka Simon Kimbangu na vita yake. Mkatoliki anapumzika siku hiyo, muislamu anapumzika. Walieleza juu ya nini siku imewekwa, watu wakaelewa, mambo yakaisha.

Tuliwauliza wale wa mlangoni kama wamekwenda kwa wakubwa kuuliza habari ya kalikoti. Walitazamana. Hakuna aliyekwenda. Wa kwanza, yule wa "banatuondolea Noeli", akasema atamtuma delege wa sendika. Muislamu akasema wataenda pamoja, juu ya akienda mkristo peke yake watamwona mgomvi.

Tulipopita tena pale kisha siku mbili, kalikoti ilikuwa ileile. Chini yake mtu alikuwa amebandika karatasi ya daftari, imeandikwa kwa bic ya buluu, herufi kubwa: "Noeli ao sikukuu, muite namna munataka. Mshahara wa mwezi wa 13 iko wapi?" Askari wa mlango alikuwa bado hajaiondoa. Alituambia hajui kusoma.